Mkono kwanza, kalamu baadaye: namna mtoto wa maternele anavyojifunza



Kila mwaka, mwezi wa tisa, mashule yanapofunguliwa, wazazi wa makanisa yetu wanaleta watoto wao wadogo katika maternele. Baada ya miezi miwili au mitatu, swali linaanza kusikika mlangoni pa shule: "Mama mwalimu, mbona daftari la mtoto wangu bado ni tupu? Mtoto wa jirani anasoma ng'ambo ya barabara, naye anaandika tayari A mpaka Z. Wangu anarudi na udongo kwenye nguo. Je, ninalipa feza kusudi mtoto acheze?"

Swali hilo si la kuchekwa. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure katika nchi yetu, lakini katika maternele mzazi bado analipa. Franka anazoleta zimetoka katika kuuza makala, sambaza au nyanya. Mtu aliyetoa jasho lake ana haki ya kuuliza alichonunua.

Lakini jibu ambalo shule nyingi zinatoa linaumiza mtoto. Ili kuwapendeza wazazi, mwalimu anawaketisha watoto arobaini kwenye mabenchi, anawapa kila mmoja biki, na wanakopi ubaoni tangu asubuhi mpaka saa ya kurudi nyumbani. Daftari linajaa. Mzazi anafurahi. Mtoto anachoka, anapigwa vidole kwa sababu mstari wake umepinda, na akiwa na miaka mitano anasema hapendi shule.

Katika andiko hili nataka kueleza jambo moja: kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano, kazi ya mikono si mapumziko katikati ya masomo. Ndiyo somo lenyewe. Nitaeleza kwa nini ni hivyo, kazi gani zinafaa, mambo gani ya kuangalia, na kanisa linaweza kusaidia namna gani.

Si jambo geni kwetu

Watu wengine wanafikiri kufundisha kwa mikono ni mtindo mpya ulioletwa na mashirika ya misaada. Sivyo. Katika historia ya makanisa ya Kiprotestanti jambo hili ni la zamani sana.

Yohana Amos Comenius alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Alikuwa mchungaji, halafu askofu wa Umoja wa Ndugu. Vita vya miaka thelathini vilimfukuza kwao. Tauni ilimwondolea mke na watoto. Mwaka 1628 akavuka mpaka na waumini wake mpaka Leszno, katika Polandi, na mwaka 1656 mji huo nao ukachomwa moto pamoja na maandiko yake mengi. Wengi wetu hapa mashariki hatuhitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Mtu huyo, katika ukimbizi wake, aliandika kitabu cha kufundisha mama namna ya kumlea mtoto chini ya miaka sita, na mwaka 1658 akatoa kitabu cha masomo chenye picha kwa ajili ya watoto. Alifundisha kwamba kitu kinachoweza kuonekana kionwe, kinachoweza kuguswa kiguswe, kabla ya kuelezwa kwa maneno.

Wa pili ni mchungaji Jean-Frédéric Oberlin. Mwaka 1767 alitumwa Waldersbach, parokia maskini katika milima ya Vosges, upande wa mashariki wa Ufaransa. Wazazi walikuwa mashambani mchana kutwa na watoto wadogo walibaki peke yao. Msichana mmoja wa parokia, Sara Banzet, alikuwa akikusanya watoto nyumbani na kuwafundisha kufuma nyuzi. Oberlin aliona kazi hiyo, akaitegemeza na kuipanua katika vijiji vingine. Watoto walifuma, waliimba, waliangalia picha za mimea na za Biblia, na walitembea nje kutazama viumbe vya Mungu. Baada ya Sara kufa akiwa bado kijana, Louise Scheppler aliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1829 chuo cha Ufaransa kinachoitwa Académie française kilimpa tuzo. Wanaotafuta mwanzo wa shule za maternele wanafika katika vijiji vile, kwa wasichana wale wa kanisa.

Wa tatu ni Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri katika Ujerumani. Mwaka 1837 alianzisha nyumba ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa mipira midogo ya nyuzi yenye rangi mbalimbali, kisha vipande vya mbao. Watawala wa Prussia waliogopa kazi hiyo, wakaikataza mwaka 1851. Fröbel alikufa mwaka uliofuata, kabla katazo halijaondolewa mwaka 1860. Lakini bustani yake ilikwisha kuota mizizi.

Na kabla ya hao wote tuko na Maandiko. Soma Yoshua sura ya 4. Israeli walipovuka Yordani, Mungu hakuwaambia waandike tu habari ile. Aliagiza watu kumi na wawili wabebe mawe begani, yakasimamishwe, kusudi siku moja mtoto aone mawe, aulize, na mzazi apate nafasi ya kueleza. Vivyo hivyo katika Kutoka sura ya 12: chakula cha Pasaka kinatayarishwa na kuliwa, mtoto anauliza maana, ndipo anafundishwa. Kwanza kitu, halafu swali, mwishoni maelezo. Mpango huo ndio tunaouhitaji katika maternele.

Kwa nini mkono utangulie?

Kuna sababu tatu ambazo kila mzazi anaweza kuzichunguza mwenyewe nyumbani.

Ya kwanza ni vidole. Mtoto wa miaka mitatu anashika biki kwa ngumi, kama mtu anayeshika mchi. Vidole vyake bado ni laini na havijazoea kufanya kazi vitatu vitatu. Kuandika kunahitaji kidole gumba, cha shahada na cha kati vishirikiane. Nguvu hiyo haitoki katika kuandika. Inatoka katika kufinyanga udongo, kuchambua mbegu, kupasua karatasi, kufunga vifungo na kusuka majani. Mtoto aliyefanya hayo miaka miwili anashika kalamu vizuri kwa muda mfupi. Aliyelazimishwa kuandika kabla ya wakati anakaza vidole, anasikia maumivu, na anazoea kushika vibaya. Baadaye ni kazi ngumu kumgeuza.

Ya pili ni hesabu. Watoto wetu wengi wanaweza kuimba namba moja mpaka ishirini, tena kwa Kifaransa. Wageni wanapiga makofi. Lakini mwambie mtoto huyo: "Niletee vijiwe saba." Anakuletea mkono uliojaa. Namba ziko mdomoni mwake, hazijafika katika vidole. Kuhesabu kweli ni kugusa kitu kimoja na kutaja namba moja, bila kuruka na bila kurudia, na kujua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla ya vyote. Hilo halifundishwi ubaoni. Linafundishwa kwa vitu.

Ya tatu ni akili yenyewe. Mwanachuoni wa Uswisi, Jean Piaget, aliyeishi kutoka 1896 mpaka 1980, alichunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyofikiri. Jaribu moja mashuhuri la kazi yake unaweza kulifanya jikoni. Chukua vikombe viwili vilivyo sawa, utie maji sawasawa, na mtoto akubali kwamba ni sawa. Halafu mimina maji ya kikombe kimoja katika chupa nyembamba na ndefu mbele ya macho yake. Muulize wapi kuna maji mengi. Mtoto wa miaka minne kwa kawaida atasema ni katika chupa, kwa sababu maji yamepanda juu. Ukimweleza mara kumi, haitasaidia. Anahitaji kumimina na kurudisha mwenyewe, siku nyingi, mpaka akili yake ikomae na kuona. Si ujinga. Ndivyo Mungu alivyopanga mtoto akue.

Pembe tano za kazi

Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inaweka maternele kwa watoto wa miaka mitatu mpaka mitano. Katika shule zetu nyingi mwalimu mmoja ana watoto thelathini au arobaini katika chumba kimoja. Hawezi kufanya kazi ya mikono na wote kwa mara moja. Njia inayowezekana ni kugawa chumba katika pembe tano na watoto katika makundi matano. Kila siku kila kundi linafanya kazi katika pembe moja kwa muda wa dakika thelathini mpaka arobaini, na kesho yake linasogea katika pembe inayofuata. Kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya tano kila mtoto amepita pembe zote. Mwalimu anakaa pale panapohitaji macho zaidi, na mama mmoja wa kanisa anaweza kumsaidia.

*Pembe ya kwanza: kuhesabu na kupanga.* Weka vifuniko vya chupa, vijiwe laini na mbegu kubwa za avoka. Mtoto mdogo anapanga kwa rangi au kwa ukubwa. Wa miaka minne anatia vitu viwili katika kila tundu la trei ya mayai. Wa miaka mitano anaweka vijiwe vitano, anaondoa viwili, anasema vilivyobaki. Hapo amefanya hesabu ya kutoa bila kuona alama yoyote ya ubaoni. Atakapoiona katika mwaka wa kwanza wa msingi, atakuwa anakutana na rafiki.

*Pembe ya pili: udongo.* Udongo wa mfinyanzi unapatikana katika mabonde yetu mengi bila kununua. Uloweshe, utoe mawe, uufunike kwa kitambaa chenye maji. Mtoto anaviringisha nyoka, anakata vipande, anafanya sufuria, ng'ombe, pirogi. Akizoea, mwambie afanye nyoka mrefu na kumkunja awe herufi ya kwanza ya jina lake. Herufi ambayo ameijenga kwa vidole hataisahau upesi. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na maneno hayo ni ya udongo na ni ya mtoto vilevile.

*Pembe ya tatu: maji na mchanga.* Kata bidoni ya lita tano kuwa beseni. Ongeza vikombe, chupa na imbutu. Mtoto anamimina, anapima, anaona vikombe vingapi vinajaza chupa. Anatia jani, jiwe, kijiti na msumari wa plastiki, anaona kipi kinaelea na kipi kinazama. Mwalimu hatoi jibu mapema. Anauliza: "Unafikiri hiki kitafanya nini?" Mtoto anasema, halafu anajaribu. Kudhani, kujaribu, kuona: huo ndio mwanzo wa sayansi yote.

*Pembe ya ine: kazi za nyumbani.* Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alitia mkazo sana hapa. Mtoto anafunga vifungo vya shati la zamani, anakunja kitambaa, anafagia, anapanga sahani, anaosha kikombe. Kwetu kuna kazi moja inayopita zote: kunawa mikono. Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, sote tulijifunza thamani ya ndoo na sabuni mlangoni, na kolera haijaondoka kando ya maziwa yetu. Mtoto haelewi hotuba juu ya vijidudu. Lakini mpake majivu kidogo mikononi, mwache anawe kwa maji peke yake, kisha kwa sabuni, aone tofauti. Atarudi nyumbani na kumfundisha mdogo wake, pengine na baba yake pia.

*Pembe ya tano: kujenga na kusimulia.* Seremala wa kanisa anatupa vipande vya mbao kila siku. Vipigwe msasa, viwe vifaa vya kujengea. Watoto wanajenga nyumba, daraja, soko, na wale wa Goma watajenga chukudu bila kuambiwa. Hapa pia tunaweka hadithi za Biblia: mawe kumi na mawili ya Yordani, mashua ya wanafunzi, kondoo mia wa kuhesabu mpaka yule mmoja aliyepotea aonekane. Mtoto anasogeza vitu na kusimulia mwenyewe. Mwalimu asikilize zaidi kuliko kusema.

Mara moja kwa juma wote watoke bustanini. Kitanda kidogo cha lengalenga au maharagi kinatosha. Mtoto anapanda, anamwagilia, anangoja. Kungoja ni somo ambalo daftari haliwezi kufundisha.

Lugha gani?

Wazazi wengi wanataka kusikia Kifaransa tu. Kifaransa ni chema, na mtoto atakipata. Lakini mtoto anayefanya kazi na mikono yake anahitaji lugha anayoota nayo usiku ili auleze ulimwengu: Kiswahili, Kinande, Mashi, Kifuliru, Kilega. Sheria yetu ya 2014 yenyewe inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Mtoto akishajua kwa lugha yake nini ni kizito na nini ni chepesi, nini ni mbele na nini ni nyuma, Kifaransa kitapata mahali pa kukaa. Asiyejua jambo lenyewe atapata neno tupu.

Mambo ya kuangalia

Kazi ya mikono inataka uangalifu, na hapa mashariki zaidi ya pengine.

Watoto wasitumwe kutafuta vifaa peke yao. Katika sehemu ambako vita vilipita, kuna maganda ya risasi, na kuna vitu vingine vya chuma ambavyo havijalipuka. Kwa macho ya mtoto ni mchezo mzuri unaong'aa. Vifaa vyote viletwe na watu wazima, na kila juma mwalimu awakumbushe watoto: ukiona chuma usichokijua, usiguse, usitupie jiwe, rudi kwa njia uliyoijia, uite mtu mkubwa.

Mbegu ndogo za maharagi na mahindi zinaingia puani na masikioni, pia zinaweza kumkaba mtoto. Kwa wale wa miaka mitatu tumieni vitu vikubwa tu. Vifuniko vya chupa vyenye ncha kali vikunjwe au vitupwe. Mawe meusi ya volkano yanakata, basi chagueni vijiwe laini vya mtoni. Beseni la maji lisiachwe hata kidogo bila mtu mzima, na maji yamwagwe kazi ikiisha.

Tena, mahali ambako familia zinalala na njaa, msitumie chakula kama mchezo mbele ya mtoto ambaye hakula jana. Atashangaa, na atakuwa na haki. Vijiwe vinahesabika sawasawa na maharagi.

La mwisho: mtoto anayetumia mkono wa kushoto asipigwe wala asifungwe mkono. Katika Waamuzi sura ya 3 Mungu alimwinua Ehudi, mtu wa mkono wa kushoto, kuwaokoa watu wake. Hakumgeuza kwanza awe wa kuume.

Watoto waliopita katika mateso

Katika madarasa yetu kuna watoto waliokimbia usiku. Wengine waliona mambo ambayo hayapaswi kuonwa na mtu yeyote. Mwalimu atawatambua katika pembe ya udongo na katika pembe ya kujenga. Mmoja anafinyanga bunduki kila siku. Mwingine anajenga nyumba na kuibomoa, anajenga tena na kuibomoa. Mwingine hagusi kitu.

Mwalimu asikasirike, wala asimlazimishe mtoto aeleze. Akae karibu naye, na aseme kwa sauti ya upole kile anachokiona: "Umejenga nyumba. Imeanguka. Unajenga tena." Hiyo inatosha. Mtoto ambaye maisha yake yamepinduliwa anahitaji kujua kwamba leo kutakuwa na wimbo ule ule, pembe zile zile, mama mwalimu yule yule, na kwamba kuna kitu kidogo ambacho mikono yake inaweza kukifanya kisimame. Kama mtoto halali usiku, haongei kabisa, au anaumiza wengine kwa majuma mengi, mchungaji na mwalimu wazungumze na wazazi na kuwasindikiza mpaka kituo cha afya. Maombi na matunzo yatembee pamoja.

Jibu kwa mzazi wa daftari tupu

Basi turudi kwa swali la mlangoni. Mzazi anataka alama ya kumwonyesha kwamba feza zake hazikupotea. Alama zipo, ila haziko katika daftari. Mwishoni mwa kila trimesta shule iwaite wazazi asubuhi moja, waketi kwenye vibenchi vile vidogo, wafanye kazi za pembe pamoja na watoto wao. Mzazi aliyejaribu kufanya herufi ya udongo hatauliza tena kama ni mchezo. Nyumbani naye ajiulize mambo haya:

- Je, mtoto wangu anaweza kuvaa na kufunga vifungo mwenyewe?
- Nikimtuma sahani tano, analeta tano?
- Anaweza kunisimulia jambo tangu mwanzo mpaka mwisho?
- Anajua kungoja zamu yake na kurudisha kitu mahali pake?
- Ananawa mikono bila kukumbushwa?
- Anauliza "kwa nini" mara nyingi kuliko mwaka uliopita?

Mtoto anayeweza hayo akiwa na miaka mitano yuko tayari kwa mwaka wa kwanza wa msingi, hata kama hajajaza ukurasa mmoja. Katika mwaka wake wa mwisho wa maternele kalamu itakuja taratibu: kuchora, kufuata mistari, kuandika jina lake. Itakuta mkono ulio tayari.

Kanisa lifanye nini?

Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, mashule mengi ya nchi hii yamewekwa tena mikononi mwetu. Tunasimamia shule za msingi na za sekondari. Lakini mtoto mdogo mara nyingi tumemwachia mwenye uwezo wa kulipa shule ya binafsi mjini. Mtoto wa kijijini na wa kambini anangoja mpaka miaka sita, na wakati mwingine zaidi.

Kuna mambo ambayo kila kanisa mahalia linaweza kufanya bila kungoja msaada wa mbali. Chumba cha ECODIM kinakaa kitupu siku sita kwa juma: kifunguliwe asubuhi. Seremala alete vipande vya mbao, fundi wa nguo alete masalio ya vitambaa, kundi la wamama lilete udongo na majani ya migomba. Mama wawili wenye moyo wa watoto watumwe kujifunza kwa mwalimu mwenye uzoefu. Na walimu hao wapewe chochote cha kweli mwishoni mwa mwezi, hata kama ni kidogo. Tunamwita mwalimu wa maternele "mama wa watoto", halafu tunamlipa wa mwisho. Kazi aliyoifanya Louise Scheppler katika vijiji vya milimani inaendelea katika mikono ya wamama hao.

ECODIM yenyewe inaweza kuanza Jumapili ijayo. Badala ya kuwakemea watoto wakae kimya kwa saa nzima, wape mawe kumi na mawili. Wajenge. Ngoja mmoja aulize ni ya nini. Akiuliza, somo limeanza.

Bwana wetu mwenyewe alikuwa na mikono ya fundi. Aliwafundisha wanafunzi unyenyekevu kwa beseni la maji na kitambaa, na Tomaso aliyekuwa na mashaka akamwita anyoshe mkono wake. Awape walimu na wazazi wetu uvumilivu, alinde watoto wetu katika kila kambi na kila mtaa, na atuwezeshe kuwapa kila mmoja mahali pa kujifunza kwa amani. Amina.